Jibu: Nimekuja likizo Tanga katikati ya mwaka wa kujitolea, na sasa miguu haitaki kurudi

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Makorora. Tangu Septemba najitolea kwenye makao ya wazee kaskazini mwa Ujerumani, na mkataba wangu unakwisha Agosti. Nimekuja nyumbani wiki tatu kwa harusi ya kaka yangu, iliyofungwa Shaabani. Ndege ni wiki ijayo, na Ramadhani nitafunga peke yangu kule. Kazi si mbaya, wenzangu hawana neno, lakini kila nikifungua begi nipange nguo, nalifunga tena. Nyumbani wananiita Mjerumani na kila mtu ana ombi lake. Kule nilishazoea, sasa naona kama naanza upya. Je, nilikosea kuja? Nirudi vipi? Na nisiporudi je?"

Marahaba, mwanangu. Hukukosea kuja. Wapo waratibu wanaowakataza vijana kugusa nyumbani mpaka mwaka uishe, ati watavurugika. Sikubaliani nao. Harusi ya kaka wa tumbo moja haina marudio, na binti aliyeikosa hukesha akiangalia video za kigodoro kwenye simu, kisha asubuhi anaingia zamu macho yamemvimba. Wewe umecheza, umekula biriani, umeonekana na watu. Hilo limekwisha vizuri.

Kazi yangu ni kuwaandaa vijana wa hapa Tanga wanaokwenda kujitolea nje, na kuwapokea wanaporudi. Wanaokuja likizo katikati ya mwaka huniambia kama ulivyoniambia wewe, kwamba wana hamu ya nyumbani. Huwa siwaamini sana. Hamu ya nyumbani ulikuwa nayo Oktoba, ulipokuwa mgeni hujui hata kuwasha hita, na uliimaliza mwenyewe. Kinachokuzuia kufunga begi nadhani kimo kwenye ile sentensi uliyoipita haraka, ya Mjerumani na maombi ya watu.

Wiki tatu umekaa na watu wanaoamini umepata kazi Ulaya. Hujawadanganya, umewaacha tu waamini. Tena si rahisi kuwatoa hapo. Kwetu anayejitolea ni mwalimu aliyemaliza chuo, anafundisha shule ya kata bila mshahara huku akisubiri ajira zitangazwe. Mtu apande ndege, avuke bahari, akajitolee kwa Wajerumani? Haiwaingii akilini, kwa hiyo wanahitimisha kwamba unaficha. Na wewe, kwa kuona haya, umekaa kimya. Umemwambia nani kwamba asubuhi zako zinaanza kwa kumsaidia bibi wa miaka tisini avue nguo ya kulalia, kumwosha mgongo, kumpaka mafuta miguuni, kumfunga vifungo kimoja kimoja na kumsukuma kwa kiti mpaka mezani? Nakisia hakuna. Ungemwambia mama mkubwa angeuliza kama wazee wa kule hawana watoto.

Ndiyo maana begi halifungiki. Unaondoka na picha ya mtu ambaye si wewe, na utatakiwa kumlisha mtu huyo kwa miezi sita ijayo kutoka kwenye posho yako. Kurudi kwako, mwanangu, sehemu kubwa kunafanyika hapa hapa Tanga, wiki hii.

Chagua mtu mmoja. Si lazima awe mama. Kaka aliyeoa anafaa, kwa kuwa naye sasa ana nyumba na anajua hesabu inavyouma. Mkae wawili, nje ya kelele, mwende hata Raskazone jioni mkanywe madafu, umweleze mambo matatu: kazi yenyewe ni ipi, mkononi unabaki na kiasi gani, na mkataba unakwisha lini. Usiyapambe, wala usiyatie huzuni. Kazi ya kumwosha mzee ni kazi ya heshima, na ukiisema kwa sauti ya kawaida ataipokea kwa sauti ya kawaida.

Kwenye fedha, nenda taratibu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Sheria ya Ujerumani ya huduma ya kujitolea ya shirikisho, ile iliyoanza 2011 baada ya jeshi la lazima kusitishwa, imeweka kiwango cha juu cha posho. Cha chini haikukiweka, kila taasisi inapanga chake, na chumba na chakula kwa kawaida vina hesabu yake. Kijana anayepata euro 300 akizigeuza kuwa shilingi zinavuka laki saba, na laki saba kwa mtu aliyekaa kibarazani Makorora ni mshahara. Lakini nauli ya basi, vocha na buti za baridi vinanunuliwa kwa bei ya kule. Mfanyie kaka hesabu hiyo kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Ukiisema kwa mdomo itasikika kama visingizio.

Kisha muulize kwa upole kama kuna mtu aliyeingia mchezo akitegemea mkono wako, au, Mungu aepushe, aliyechukua kausha damu kwa kusema "mwanangu yuko Ujerumani". Swali hili linakera, najua. Nimeona binti akirejea kituoni Ulaya, na wiki ya pili anapigiwa simu na mkopeshaji asiyemfahamu. Ni heri ukereke leo ukiwa na mwanya wa kukaa kikao.

Ukimaliza, weka utaratibu: kiasi kimoja, tarehe moja ya mwezi, mpokeaji mmoja. Wengine wote waelekezwe kwa huyo mpokeaji. Maneno ya kusema ni mafupi: "Shangazi, kule nalala na kula, mkononi nabaki na kidogo. Nitamtumia mama kila tarehe tano. Zaidi ya hapo sina, ningekuwa nacho ningekupa." Usiahidi kitu uwanja wa ndege. Ahadi za uwanja wa ndege hutolewa na machozi, na machozi hayajui kupiga hesabu. Kama unafikiria kubaki kwa mafunzo ya uuguzi baada ya Agosti, mafunzo hayo ni ya miaka mitatu na yana masharti yake ya lugha. Zungumza na mratibu wako mwezi Machi, ndipo mama asikie.

Sasa hilo la kuanza upya. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norwei, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorwei 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana hawakutulia vizuri kama waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Nautaja kwa tahadhari: hakuwafuatilia mwezi kwa mwezi, na watafiti waliokuja baadaye hawakuikuta picha hiyo kila mahali. Lakini mwaka wako mzima wa kujitolea unaishia ndani ya kipindi hicho hicho. Kwa hiyo usisubiri asubuhi utakayoamka umekuwa mwenyeji kabisa ndipo uone umefaulu; mkataba unaweza kwisha kabla asubuhi hiyo haijafika. Mwezi wa sita wa kujitolea ni mzito kwa aliyekuja likizo na kwa ambaye hakuja. Hata vijana wa Kijerumani wanaoletwa huku na mpango wa kujitolea wa weltwärts, ulioanza 2008, wale unaowaona na baiskeli Chumbageni wakibishana bei ya machungwa, mwezi wao wa sita huwakuta wamenuna. Muulize yeyote.

Halafu si kweli kwamba unaanza upya. Septemba hukujua basi lipi linakwenda kazini, nani anakunywa kahawa bila sukari, wala mzee gani hataki kuguswa bega la kushoto. Yote hayo unayajua. Kijerumani kitakuwa kizito ulimini siku chache, kisha kitarudi. Hilo silipi nafasi zaidi.

Jambo ninalotaka ulipe nafasi ni wazee wenyewe. Umekuwa nje wiki tatu za baridi kali, kwenye nyumba ya watu wa miaka themanini na tisini. Inawezekana kabisa mmoja wao amefariki. Kijana anarudi na furaha yake, ana kanga kwenye begi aliyomwahidi bibi wa chumba fulani, anafungua mlango na kumkuta mwanamume asiyemjua amelala kwenye kitanda kile kile. Pale kitanda hakikai wazi muda mrefu. Hakuna matanga ya siku tatu, hakuna mkeka uliotandikwa nje ukaambiwa keti kwanza. Nyumba nyingi huweka picha na mshumaa ukumbini kwa siku chache, na wewe siku hizo ulikuwa harusini.

Basi siku ya kwanza usianze na mlango wa mtu. Fika mapema kabla ya makabidhiano ya zamu, muulize muuguzi: "Nimekuwa nje, nani ametutoka?" Akikutajia jina, muombe akueleze siku ya mwisho ilikuwaje, alikuwa na nani. Wauguzi hawaanzi wenyewe kuyasema hayo, lakini ukiuliza husimulia, tena kwa kirefu. Ukitaka kuomba dua, omba. Ukitaka kulia, kuna choo cha wafanyakazi, na hakuna atakayekucheka. Na jiandae kwa wale wa maradhi ya kusahau: bibi aliyekuita kwa jina Januari anaweza kukuuliza wewe ni nani. Usimsahihishe, wala usijisikie umefutwa. Jitambulishe, mshike mkono kama ulivyokuwa ukimshika, endelea na kazi. Mikono yako anaweza kuikumbuka kabla ya jina.

Leo hii, ukiwa bado Tanga, mwandikie msimamizi wako wa zamu. Mwambie tarehe utakayotua, muulize zamu yako ya kwanza ni ipi, omba angalau siku moja ya kupumua katikati, na umjulishe kwamba utakuwa unafunga. Ujumbe wa mistari minne unatosha. Muulize pia umebakiwa na siku ngapi za likizo, kwa sababu wiki tatu zimekula sehemu kubwa ya haki yako ya mwaka. Zilizobaki usizimalize Aprili, utazihitaji Juni. Siku za semina za wanaojitolea ni hesabu nyingine: kwa wa umri wako ni 25 katika miezi 12, na nakushauri semina ijayo usiikwepe, kwa kuwa huko ndiko utakutana na wenzako walio kwenye mwezi wako.

Kuhusu kufunga ugenini, naomba unisikilize bila kuniona mtu wa kukatisha tamaa. Saa za mfungo mwanzoni zitakuwa fupi kidogo kuliko hapa. Wakati huu kule jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, ingawa kila siku inarefuka, na kufikia Idi utakuwa umefunga muda mrefu kuliko mama. Njaa utaiweza. Kitakachouma ni ile saa ya magharibi, wakati huku unajua sufuria la uji wa pilipili manga limeshateremshwa na mihogo ya nazi imefunikwa kawa, na wewe una tende na bakuli la supu jikoni peke yako. Usiikabili saa hiyo kwa video ya nyumbani, itakunywesha machozi badala ya maji. Miji mingi ya Ujerumani ina msikiti wa Waturuki, na mingi hufuturisha. Nenda ukajitambulishe siku za mwanzo, kabla ya unyonge kukushika. Siku moja moja alika wenzako wa nyumba, uwapikie tambi za nazi. Wakiuliza maswali ya kijinga, wajibu na uwaongezee tambi.

Zamu ya asubuhi ukiwa umefunga inavumilika kuliko ya jioni, kwa kuwa ukimaliza unalala kidogo kabla ya kufuturu. Omba hiyo mapema. Na siku ya kumnyanyua mzee mzito huku kichwa kinazunguka, sema. Kumwangusha mzee wa watu hakuna thawabu ndani yake.

Usilaumu tofauti ya saa kwa uchovu wa wiki ya kwanza. Kati ya Tanga na kule kwa sasa ni saa mbili tu. Unatoka kwenye kaskazi, jasho na kelele za harusi, unaingia kwenye baridi na ukimya. Mwili unadai haki yake. Lakini giza lile la Desemba, jua likichomoza saa mbili na nusu na kuzama saa kumi jioni, limeshapita, mwanangu. Unarudi wakati siku inafunguka, na Jumapili ya mwisho ya Machi saa zao zikisogezwa mbele utabaki na tofauti ya saa moja tu na mama. Pangeni siku mbili za kupigiana simu kwa wiki. Kupigiana kila usiku kunawachosha wote, na huishia kwenye maombi.

Begi. Mkono mtupu haulambwi, na wenzako waliobeba zamu zako wiki tatu wanastahili kitu. Korosho zinatosha, au pakiti za chai ya Usambara, ambayo Wajerumani wa pwani ya kaskazini wanaijua thamani yake maana nao ni watu wa chai. Viungo vikavu beba: iliki, mdalasini, pilau masala. Nazi inaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, pamoja na ndizi, tende na nanasi. Machungwa ya Muheza na maembe hayaruhusiwi bila cheti hicho, kwa hiyo usikubali shangazi akujazie mfuko dakika ya mwisho. Nyama, samli na maziwa acha kabisa. Dagaa wakavu wa kula mwenyewe hawana shida ya forodha. Shida utaipata kwa wenzako wa nyumba utakapowakaanga.

Na la afya, ambalo ningekukalisha chini kulisema kama ungekuwa mbele yangu. Kinga ya malaria tuliyokulia nayo hapa pwani hupungua mtu akikaa mbali miezi kadhaa. Wewe leo si yule uliyeondoka Septemba. Lala ndani ya chandarua mpaka usiku wa mwisho, hata kama nyumba imejaa wageni na umetandikiwa sebuleni. Ukifika kule, ukapata homa wakati wowote ndani ya miezi mitatu, na hasa mwezi wa kwanza, usinywe chai ya tangawizi ukasubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe kwamba umetoka Tanzania na unataka kupimwa malaria. Ni msimu wa mafua kule. Daktari asiyeambiwa anaweza kukurudisha nyumbani na vidonge vya homa. "Mimi mtoto wa Tanga, malaria naijua" ni maneno ninayoyasikia sana, na malaria ya aina tuliyo nayo huku haimsubiri mtu siku tatu.

Swali lako la mwisho nimeliacha makusudi. Je, usiporudi? Inawezekana, na si dhambi. Huduma hii ni ya kujitolea. Lakini usipotee. Kibali chako cha kuishi kimetolewa kwa ajili ya huduma hii, mkataba una utaratibu wake wa kuvunjwa, na mratibu anayeandikiwa kabla ya ndege humsaidia mtu tofauti na anayegundua kitanda kitupu. Kijana atakayeomba nafasi baada yako kutoka Tanga naye ataulizwa habari zako.

Kabla hujaamua, jipime hivi. Fikiria zamu moja tu, siyo miezi sita: unaingia, unavua koti, unanawa mikono, unagonga chumba cha kwanza. Kama moyo unakwenda na mikono, unachoogopa ni maombi ya watu na kuagana, na hayo tumeshayapangia. Nenda. Kama kinachokushika pumzi ni mtu fulani kazini, maneno anayokutolea, namna anavyokugusa, au kazi za muuguzi unazobebeshwa peke yako usiku, basi hilo hukuliandika kwenye swali na jibu langu lote lingekuwa jingine. Kituo kinaweza kubadilishwa, na mwaka ukaendelea mahali pengine. Ikiwa ndivyo, niandikie kabla ya Ijumaa. Barua kwa mratibu inapaswa kwenda kwa Kijerumani, na tutaiandika pamoja ukiwa bado hapa.